UZI: Kampala 2018 ilinifundisha kwamba maandamano ya haki za mtandao hayapangwi mtandaoni

Mleta uzi:

Habari za jioni wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Kila nikipita humu naona mjadala wa haki za mtandao unaishia palepale. Bando limepanda, mtandao fulani umefungwa, mtu kakamatwa kwa alichoandika, halafu mdau mmoja anauliza: "Sasa tuingie barabarani au tuendelee kulia humu?" Hapo matusi yanaanza na uzi unakufa.

Mimi swali hilo nalichukulia kwa uzito kwa sababu niliwahi kuwa ndani yake. Mwaka 2018 nilikuwa mwanafunzi Kampala, nimepanga chumba Wandegeya, pale chini ya mlima wa Makerere. Nitaeleza tulivyojaribu, tulivyochemka, na kilichotuokoa. Baadaye nitagusa Hungaria, Poland, Ujerumani na Nairobi, kwa sababu nimeyafuatilia yote tangu wakati ule. Uzi ni mrefu, nitaushusha kwa vipande.

Kwanza mjue ilivyoanza. Machi 2018 Rais Museveni alimwandikia waziri wake wa fedha barua akilalamikia "olugambo", yaani umbea wa mitandaoni, na kwamba wanaoutumia mtandao kwa umbea walipie. Mei 30 Bunge likapitisha. Kuanzia Julai 1 ukitaka kufungua Facebook, WhatsApp, Twitter na wenzao, unalipa shilingi 200 za Uganda kwa siku, au 1,400 kwa wiki, au 6,000 kwa mwezi. Hiyo ni mbali na bando lako. Siku hiyohiyo ikaanza na kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu.

Julai 1 ilikuwa Jumapili. Niliamka, nikamtumia mama ujumbe Tanga kama kawaida yangu ya Jumapili, ukakaa na kile kisaa kidogo, haukwenda. Nikadhani bando limeisha. Halikuwa limeisha.

Mleta uzi (kipande cha 2):

Shilingi 200 haifiki hata nusu ya bei ya chapati moja pale Wandegeya. Ndiyo maana mwanzoni wengi walisema, "Lipa, yaishe." Sisi wanafunzi wachache tukasema hapana, tukafungua grupu la WhatsApp la kuipinga kodi ya WhatsApp. Wenye kumbukumbu mnajua enzi zile grupu lilikuwa linaishia watu 256. Letu lilijaa ndani ya siku mbili. Tukajiona jeshi.

Tulisikia kuna maandamano yanapangwa Jumatano ya Julai 11, yakiongozwa na Bobi Wine, ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa Kyadondo Mashariki, pamoja na waandishi wa habari kadhaa vijana. Sisi tukakubaliana tukutane Alhamisi ya tarehe 5, saa kumi jioni, kwenye uwanja mdogo nyuma ya hosteli moja, tuchore mabango na tupange tutaingiaje mjini. Watu zaidi ya 100 waliitikia "nipo". Mimi nilipewa kazi ya vifaa, nikanunua manila 40, makopo mawili ya rangi nyeusi na brashi tatu za kupakia rangi ya ukuta. Hela ilikuwa ya mchango, na nusu yake ilikuwa yangu ya kula.

Walikuja 11.

Nimekaa pale na manila zangu hadi giza likaingia. Nilisikia aibu ambayo hata leo nikiikumbuka natazama chini. Nikarudi kwenye simu kuangalia yale matangazo niliyotuma. Tiki moja. Tiki moja. Tiki moja. Zaidi ya nusu ya grupu hawakuwahi kuyapata, kwa sababu siku ile hawakuwa wamelipa 200. Waliokuwa wakitumia VPN, ile programu ya kupitia njia ya pembeni kukwepa kufungiwa, wengi waliiwasha asubuhi na usiku tu, maana ilikuwa inakula bando. Na baadhi waliosoma waliniambia baadaye waliogopa: watu 256, nani anajua nani ni nani?

Tulikuwa tumeweka mpango wetu wote ndani ya kitu kilekile ambacho serikali imeshika ufunguo wake.

Mzee wa Ujiji:

Mkuu nimekaa hapa nasubiri muendelezo. Lakini nikuulize, mlitegemea nini? Vijana mnabonyeza "nipo" mkiwa kitandani.

Mleta uzi:

Mzee wangu shikamoo. Ni kweli, lakini si uvivu peke yake. Ngoja nieleze kilichofuata, kwa sababu hapo ndipo penye mzigo wa uzi huu.

Kati ya wale 11 kulikuwa na binti mmoja wa sheria. Alichukua kalamu, akapindua manila moja nyuma, akasema tusiandike majina ya watu. Akaandika mahali. Kijiwe cha bodaboda mbele ya msikiti. Saluni ya ghorofa ya kwanza. Kantini. Anayekaanga rolex, ile chapati inayoviringishiwa mayai, kwenye kona. Kibanda cha njano cha wakala wa pesa. Kisha akauliza kila mmoja wetu: ni wapi hapa unapita kila siku na mtu akikuona anajua jina lako? Tukagawana. Mimi nikapewa kibanda cha njano kwa sababu mama mwenye kibanda alikuwa ananitunzia begi nikienda kucheza mpira.

Mama yule alikuwa na daftari kubwa la mistari, lile la jalada gumu, kona zimelika. Nilimkuta ameegemeza kidevu mkononi, saa sita mchana, hakuna mteja. Akanigeuzia daftari nione mwenyewe. Wiki ya mwisho ya Juni kurasa zimejaa pande zote mbili. Wiki ile ya Julai ilikuwa ukurasa mmoja na robo. Kwa Kiganda changu cha kuokoteza nikamwelewa: mtu akitoa 100,000 anakatwa 1,000 ya kodi juu ya makato ya kawaida, basi watu wamerudi kubeba noti kwenye soksi. Yeye kodi ya WhatsApp haikumhusu kabisa, simu yake ilikuwa ya kitochi. Lakini kodi ya pesa ilikuwa inamuua.

Nikamwambia kuhusu Jumatano. Hakusema ndiyo wala hapana. Ila kuanzia siku ile, kila aliyekuja kutoa pesa, akishamhesabia noti alikuwa anamwonyesha makato kwa ncha ya kalamu, anamwambia: "Hii hapa. Jumatano watu wanaenda kuizungumzia." Basi. Hakuhitaji bando, wala grupu, wala tangazo.

Jumanne jioni tulikutana tena nyuma ya hosteli. Sikuhesabu vizuri lakini walipita 60, na wengi hawakuwa wanafunzi. Bodaboda, wasusi, kijana wa rolex na aproni yake. Manila zikaisha.

Fundi Laini:

Mkuu naomba niulize kitu kidogo. Kwenye mabango mliandika nini? Kwa sababu mimi "haki za kidijitali" nikimwambia mteja wangu anayekuja kusajili laini, ananiangalia kama nimeanza kuumwa.

Mleta uzi:

Swali zuri sana fundi, na hapo nilikuwa nimepasahau.

Mabango ya kwanza, yale ya Alhamisi, yalikuwa na maneno marefu: uhuru wa kujieleza, haki ya kupata taarifa, ibara ya katiba namba fulani. Yote kweli, na yote hayasomeki na mtu aliye upande wa pili wa barabara. Jumanne kijana wa rolex ndiye aliyebadilisha. Alichukua brashi akaandika hesabu tu, herufi urefu wa kiganja:

200 × 365 = 73,000

Hakukuwa na haja ya kutafsiri. Waganda, Wanyankole, Waacholi, mimi Mtanga, wote tulikuwa tunasoma kitu kimoja. Tulichora mabango 15 ya hesabu ile, na ndiyo watu waliyokuwa wakiyaelekezea kidole njiani. Kodi ambayo kwa siku ni chini ya nusu chapati, kwa mwaka ni ada ya mtoto mahali fulani.

Siku yenyewe sitaikuza. Mimi nilikuwa nyuma kabisa. Msafara ulikuwa katikati ya mji, polisi wakapiga mabomu ya machozi na risasi hewani, tukatawanyika. Hatukufika mbali. Nilikimbia na kiatu kimoja, nikapewa maji ya kunawa uso na mwenye duka la vitambaa ambaye hadi leo simjui jina.

Lakini siku hiyohiyo Waziri Mkuu, Ruhakana Rugunda, alisimama bungeni kusema serikali inazipitia upya kodi zile. Rais naye akasema ile asilimia 1 ya pesa za simu ilikuwa kosa, iliyokusudiwa ni nusu. Kabla ya mwaka kuisha ikashushwa hadi asilimia 0.5, na kwenye kutoa pesa pekee.

Mzee wa Ujiji:

Na ile ya 200? Mbona umeiruka?

Mleta uzi:

Sijairuka mzee wangu. Ile ilibaki miaka mitatu.

Watu waliikwepa kwa VPN, wengine wakaacha kabisa kuingia mtandaoni. Mamlaka ya mapato ya Uganda ilitarajia kukusanya shilingi bilioni 284 katika mwaka wa kwanza, ikapata kama bilioni 49.5. Julai 2021 ikafutwa, badala yake ikaja asilimia 12 kwenye bei ya bando. Kwa hiyo siwezi kuwaambia tulishinda. Mzigo ulitolewa begani ukawekwa kichwani.

Swali linalonisumbua ni kwa nini kodi mbili zilizoanza siku moja, zikapingwa siku moja na watu walewale, moja ikapunguzwa ndani ya miezi michache na nyingine ikakaa miaka mitatu. Jibu langu, na mtu anaweza kunipinga, ni lile daftari. Kodi ya pesa za simu ilikuwa na kibanda kila kona na mtu ndani yake anayeonyesha makato kwa kalamu. Kodi ya WhatsApp ilikuwa na sisi, watu 256 wenye tiki moja.

Hata sisi Watanzania tunalijua hili. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kelele zilitoka kwa wakala, kwa bibi anayetumiwa pesa ya dawa, kwa mwenye genge. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Lakini kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zilizomtaka mwenye blogu alipie leseni zaidi ya milioni 2, nani alilalamika nje ya wenye blogu? Wengi walifunga kurasa zao kimya kimya.

Binti Pwani:

Kaka/dada mleta uzi, hongera kwa uzi. Lakini kuna mahali watu walijipanga mtandaoni na wakashinda. Budapest 2014. Ukurasa mmoja tu wa Facebook. Hapo hoja yako inasimamaje?

Mleta uzi:

Dada, nilijua mtu ataileta Hungaria, na inastahili kupewa nafasi.

Oktoba 21, 2014 serikali ya Viktor Orbán ilitangaza kodi ya intaneti ya forinti 150 kwa kila gigabaiti. Watu walipoanza kuwaka ikasema itaweka kikomo, forinti 700 kwa mwezi kwa mtu binafsi. Kijana mmoja, Balázs Gulyás, alikuwa amefungua ukurasa wenye jina la kuita watu laki moja dhidi ya kodi hiyo. Jumapili ya tarehe 26 makumi ya maelfu wakajaa Budapest, wakanyanyua simu zao zikiwaka taa. Wakaipa serikali saa 48 iiondoe. Haikuiondoa. Tarehe 28 wakarudi wakiwa wengi zaidi, wakavuka daraja la Elisabeth juu ya mto Danube. Tarehe 31 Orbán akaenda redioni akasema kodi haiwezi kuletwa kwa namna ile. Siku kumi toka itangazwe.

Na msiseme aliogopa kura. Alikuwa amechaguliwa Aprili mwaka uleule kwa theluthi mbili ya bunge, na uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa umepita wiki mbili tu kabla.

Sasa tazama yaliyofanya kazi pale. La kwanza ni hesabu: forinti 150 kwa gigabaiti, kila mtu anaipiga kichwani akiwa kwenye basi. La pili ni zile saa 48. Mtu aliyetoka Jumapili alikwenda nyumbani akijua atarudi Jumanne saa ngapi na kwa sababu gani. Ukurasa uliita watu, lakini saa 48 ndiyo iliyowarudisha. Na la tatu, ambalo kwetu hatuwezi kulichukulia kawaida: hakuna aliyewazimia intaneti. Wenzetu walikuwa wanajenga kwenye kiwanja ambacho hakikuhamishwa usiku.

Kuna kosa lao moja pia. Jumapili ile baadhi walikwenda kwenye jengo la chama tawala wakarusha vipande vya kompyuta mbovu, vioo vikavunjika. Mimi napinga hilo kabisa. Umekuja na hoja ya watu elfu kumi, unampa mpinzani wako picha ya kioo kilichovunjwa na watu kumi.

Poland nitaipita haraka. Januari 2012, kwenye baridi kali, vijana walimiminika mitaani kupinga mkataba wa ACTA wa hakimiliki, ambao serikali yao ilitia saini Tokyo tarehe 26. Wabunge wa chama kimoja wakajifunika nyuso kwa vinyago ndani ya bunge. Februari waziri mkuu Donald Tusk akasimamisha kuuridhia, na tarehe 11 mwezi huo maandamano yakaenea katika miji mingi ya Ulaya. Julai 4 Bunge la Ulaya likaukataa: kura 478 dhidi ya 39, na 165 hawakuegemea upande.

Ila wingi si dawa. Machi 23, 2019 Wajerumani wengi sana waliingia barabarani kupinga sheria mpya ya hakimiliki ya Ulaya. Baadhi ya wanasiasa walikuwa wamesema barua pepe wanazopokea zinatumwa na roboti, basi watu wakaja na mabango yanayosema "sisi si roboti". Hilo lilinigusa mno, mtu mzima kusimama juani kuthibitisha kwamba yupo. Siku tatu baadaye sheria ikapita, 348 dhidi ya 274. Walikuja wengi, lakini walikuja siku tatu kabla ya kura, wakati wabunge wengi walishaamua.

Fundi Laini:

Nairobi je? Maana wale walifanya kila kitu kwenye simu.

Binti Pwani:

Nisaidie hapo mleta uzi, mimi niko Mombasa, nilikuwepo. Si kweli kwamba ilikuwa simu tupu. Ule Mswada wa Fedha wa 2024 watu waliutafsiri kwa lugha za nyumbani, Kikamba, Kiluhya, Kijaluo, video fupifupi. Lakini shangazi yangu Likoni hana simu ya kuangalia video. Aliuelewa kwenye matatu. Makanga alikuwa anataja mkate. Asilimia 16 kwenye mkate! Gari zima likaanza kuongea.

Mleta uzi:

Asante sana dada, umenipa mfano bora kuliko wangu.

Wachache wanakumbuka kwamba mswada ule ulipoletwa ulikuwa na kifungu kilichotaka mamlaka ya mapato isibanwe na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inapokusanya kodi. Yaani ichungulie taarifa zako za miamala bila kizuizi kile. Hiyo ni haki ya mtandao mia kwa mia. Ingesimama peke yake, sidhani kama ingejaza hata ukumbi. Ilipanda gari moja na mkate, ikafika.

Halafu ikaja Juni 25. Siku moja kabla, mamlaka ya mawasiliano ya Kenya ilikuwa imesema haina nia ya kuzima intaneti. Siku yenyewe mtandao ukayumba nchi nzima, na athari zake zikasikika hadi Uganda. Waliokuwa wanategemea ramani ya simu kujua kituo cha huduma ya kwanza kiko wapi, wakabaki na anayejua njia. Rais Ruto alitangaza kesho yake kwamba hatautia saini mswada. Lakini hadi Julai 1 tume ya taifa ya haki za binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa. Mimi siwezi kuandika neno "ushindi" karibu na namba hiyo.

Mzee wa Ujiji:

Hapo ndipo ninapotaka uzungumze kama mzazi. Wanangu wako rika hilo. Unawapeleka barabarani wafe kwa ajili ya WhatsApp?

Mleta uzi:

Mzee wangu, nimekaa na swali lako karibu saa nzima kabla ya kujibu.

Mimi simpeleki mtoto wa mtu. Na nasema wazi: ukiwa huna wa kukuuliza jioni umerudi au hujarudi, usiende. Ndiyo sababu nasisitiza watu wachache wanaojuana kwa sura. Sisi tulikwenda kwa vikundi vya watano watano. Kila kikundi kilikuwa na mtu mmoja aliyebaki nyumbani na karatasi ya majina matano, simu ya kitochi yenye chaji, na namba ya wakili. Ilipofika saa kumi na mbili jioni asiyepiga simu, huyo wa nyumbani anaanza kumtafuta kituo cha polisi na hospitali. Wawili wetu walikamatwa siku ile. Kabla ya saa mbili usiku wakili alishajua wako kituo gani, kwa sababu mtu alikuwa na karatasi. Grupu la WhatsApp lingesema nini? Tiki moja.

Namba ya wakili iandikwe mkononi kwa kalamu, kwa sababu simu ndiyo inayochukuliwa kwanza. Simu yenyewe zima kufungua kwa alama ya kidole au uso, tumia namba ya siri. Bora zaidi iache nyumbani ubebe kitochi. Ila hata kitochi kinaonyesha kwenye mnara ulipo, usijidanganye.

Na picha. Naomba hili mlishike. Piga picha ya mabango, ya migongo, ya umati kwa mbali. Uso wa mwenzako uliouweka mtandaoni kwa fahari ndio utakaomfuata kazini kwake mwezi ujao. Tulikuwa na kijana aliyeweka picha yetu sote Jumanne usiku, kwa nia njema kabisa. Mmoja wetu alipoteza kazi ya muda aliyokuwa akijilipia ada.

Fundi Laini:

Na polisi? Mlitoa taarifa?

Mleta uzi:

Kila nchi na sheria yake, na lazima muisome kabla hamjanunua manila. Kenya, ibara ya 37 ya katiba inalinda kuandamana kwa amani bila silaha, na sheria ya utulivu wa umma inataka taarifa kituoni si chini ya siku 3 wala zaidi ya 14 kabla. Tanzania ni taarifa ya maandishi kwa polisi si chini ya saa 48.

Najua mtasema "watakataa tu." Mara nyingi wanakataa. Peleka hivyohivyo, kwa mkono, watu wawili, nakala mbili, na usiondoke bila muhuri kwenye nakala yako. Wakikataa, karatasi ile ndiyo wakili atakayosimama nayo. Na mkikataliwa, barabara si mlango pekee. Barua kwa mbunge yenye sahihi za mawakala 300 wa soko moja inasomeka.

Japo hata barua siku hizi ina hatari yake. Mei 2025 msanidi programu wa Nairobi, Rose Njeri, alikamatwa kwa sababu ya kutengeneza tovuti iliyomsaidia mwananchi kutuma bungeni barua pepe ya kupinga mswada wa fedha. Alishtakiwa kwa sheria ya makosa ya mtandao. Juni 20 mahakama ikasema mashtaka yale hayasimami. Alikaa ndani siku kadhaa kwa kuwasaidia watu kuandika barua. Nikisoma habari ile niliwaza, ingekuwa ni mawakala mia tano wenye daftari, wangemkamata yupi?

Binti Pwani:

Swali la mwisho mkuu. Yule mama wa kibanda cha njano, mnawasiliana?

Mleta uzi:

Ndiyo, kwa kupigiana simu ya kawaida, kwa sababu hadi leo ana kitochi.

Januari 2021, siku ya uchaguzi wa Uganda, nilikuwa nimesharudi Tanga. Facebook ilifungwa tarehe 12, na usiku wa 13 intaneti nzima ikazimwa hadi tarehe 18. Nilimpigia siku ya tatu. Aliniambia pesa za simu zinagoma, watu wana fedha ndani ya simu na hawawezi kuitoa, wanakuja kibandani wanasimama tu.

Nikamuuliza anafanyaje. Akasema amefungua ukurasa mpya kwenye daftari. Anaowajua anawapa noti zake mwenyewe, za unga na za nauli, anaandika jina na kiasi kwa penseli. Siku ile walikuwa 31.

Intaneti iliporudi walikuja kulipa. Mmoja hakuonekana. Alikuja Februari, alikuwa amesafiri kwenda kuzika, akalipa, na mama akachukua kifutio akafuta jina lake.